Wati 600 za Kwenye Karatasi

Kompyuta ile imeuawa na pawasaplai. Naanza na hukumu kwa sababu wiki nzima nimesikia watu wakilaumu kadi, wakilaumu umeme, wengine wakilaumu hata vumbi la kiangazi. Mliokuwepo Jumamosi ile mliona wenyewe: gemu likiwa limenoga, skrini ikawa nyeusi, ikarudi, ikazima tena, kisha ukasikika mlio kama bisi inayopasuka kikaangoni, na ile harufu. Hapo mliona mwisho tu. Kosa lilishafanyika wiki tatu kabla, kwa simu, kijana aliyeijenga akiwa Majengo hapa Sumbawanga na muuzaji akiwa Kariakoo.

Orodha yake ya kwanza niliipitia mwenyewe, na sikuwa na la kuongeza. Prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, RAM ya GB 16 kwa vijiti viwili, SSD ya NVMe, kadi RX 6600, na pawasaplai ya wati 550 ya kampuni inayojulikana. Vijiti vya RAM alivipachika kwenye nafasi sahihi, nyaya alizifunga vizuri kuliko mafundi wengi ninaowafahamu. Kazi ya mikono ilikuwa safi.

Halafu muuzaji akamwambia ipo RTX 3070 ya mtumba, bei nzuri, ila aamue leo. Pesa ya kuongezea hakuwa nayo. Akaitafuta ndani ya orodha yake, na mahali alipoipata ni pale pawasaplai. Ile ya wati 550 ikafutwa, ikawekwa nyingine yenye jina ambalo sijawahi kuliona popote, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa za dhahabu. Aliponiuliza, mzigo ulikuwa umeshapakiwa kwenye basi.

"Mzee, mia sita si ni kubwa kuliko mia tano na hamsini?"

Si kubwa, mwanangu. Nilipoishika mkononi tu nilijua, maana pawasaplai ya kweli ina uzito, na ile ilikuwa nyepesi kama boksi la biskuti. Nikaigeuza kusoma lebo. Ninyi mnaojua kusoma lebo mnajua macho yanakwenda wapi kwanza: mstari wa volti 12. Uliandikwa ampea 18. Kumi na nane mara kumi na mbili ni wati 216. Hizo ndizo wati ambazo kompyuta ya leo ingezipata, basi. Zilizobaki hadi kufika 600 zilikusanywa kutoka mistari ya volti 5 na volti 3.3, ambayo mashine ya leo haiigusi sana, na nyingine zilikuwa rangi ya dhahabu tu.

Sasa weka mzigo upande wa pili. RTX 3070 peke yake imepangiwa na Nvidia wati 220. Kadi hiyo moja tayari imezidi uwezo wa mstari mzima wa volti 12, kabla hujaongeza prosesa inayoweza kuvuta wati 76, kabla ya feni, kabla ya diski. Na wati 220 ni wastani. Kadi za kizazi kile cha 2020 zina tabia ya kuruka juu kwa sehemu ndogo ya sekunde, zikavuta zaidi sana ya kilichoandikwa, kisha zikashuka. Nvidia yenyewe inashauri pawasaplai ya wati 650 kwa kadi hiyo, na inamaanisha wati 650 za kweli. Hata RX 6600 ya wati 132, pamoja na prosesa na vikorokoro vyake, ingeibana pawasaplai ile hadi ukutani. Kwa hiyo wanaosema alikosea kununua kadi kubwa hawajafika kwenye kosa. Kadi yoyote ya maana ingemfikisha palepale, tofauti ingekuwa siku tu.

Kuna jambo jingine nyuma ya lile boksi ambalo wengi hawakulitazama: swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Nimeisema swichi hii mara nyingi na nitaendelea kuisema. Ukiiona kwenye pawasaplai inayouzwa leo, jua ndani hamna sakiti ya kurekebisha mvuto wa umeme, ile inayoiwezesha pawasaplai nzuri kufanya kazi popote kati ya volti 100 na 240 bila kubabaika. Pawasaplai nzuri umeme ukishuka hadi 170 inavuta ampea zaidi na kazi inaendelea. Ile ya swichi inakosa pumzi, volti 12 zinalegea, na mazabodi ndiyo inayopokea uchafu wote.

Na hapa ni Sumbawanga. Kwa miaka mingi Rukwa ilikaa nje ya gridi ya taifa, umeme wetu ukija kutoka Zambia kupitia Mbala kwa laini ya kilovolti 66, na majenereta ya dizeli yakijazia. Mradi wa TAZA, laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi hapa, ulibuniwa ili kuliondoa tatizo hilo pamoja na kutuunganisha na Zambia. Laini ndefu yenye kilovolti chache hupoteza volti njiani, na mzigo ukipanda volti za mwisho wa laini zinashuka. Kila mwenye taa nyumbani anaijua saa moja usiku ya mji huu. Ndiyo saa ambayo kijana anatoka kazini, anakaa, anawasha gemu. Wakati kadi inaomba wati nyingi kuliko muda wote ndio wakati ambao ukuta unatoa volti chache kuliko muda wote. Anayejenga kompyuta hapa anapaswa kuanza hesabu na saa hiyo.

Tulipoifungua maiti ile tulikuta nilichotarajia. Pale umeme unapoingilia, ubao umechapwa alama za koili za kuchuja na varista ya kuzuia mshtuko, lakini vifaa vyenyewe havipo, vimerukwa kwa kipande cha waya. Kinga ya mzigo uliozidi haikuonekana. Kapasita mbili za upande wa kutolea zimevimba. Mazabodi haiwaki tena. Kadi imepona, na hiyo ni bahati.

Chanzo cha yote nakijua, nami nina ugomvi nacho wa muda mrefu: ile kanuni inayorudiwa kwenye kila video, kwamba nusu ya bajeti iende kwenye kadi. Ni kanuni ya watu ambao soketi zao hutoa volti 230 asubuhi hadi asubuhi. Wanaitaja pawasaplai mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, kisha wanarudi kwenye taa za rangi. Taa nazo! Kijana alinunua feni tatu za taa na kipoozeo cha maji, katika mji uliopo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni usiku tunavaa makoti ndani ya nyumba. Ryzen 5 5600 inakuja na kipoozeo chake ndani ya boksi. Pesa ya maji na taa ingetosha kurudisha ile ya wati 550.

Kampuni yenye jina nayo si kinga kamili. Gigabyte walilazimika Agosti 2021 kutangaza kubadilisha pawasaplai zao za GP-P750GM na GP-P850GM baada ya wapimaji kuzilipua mezani. Soma lebo, soma vipimo, hata kama boksi linang'aa.

Nawakumbuka vijana wa 2014, ilipotoka GTX 750 Ti. Wati 60, haihitaji waya wa ziada, inakula kutoka kwenye nafasi yake ya mazabodi tu. Walinunua mashine za ofisi za mtumba, zile Dell zenye pawasaplai ndogo ya kweli, wakapachika kadi hiyo, wakacheza. Walianza na umeme waliokuwa nao, ndipo wakatafuta kadi inayouheshimu. Nimeziona baadhi ya mashine hizo mpaka leo zikifanya kazi za steshenari.

Na kabla yao, juu ya nyanda hizi hizi, wapo wazee wa Kifipa waliojenga malungu. Tanuri la udongo la kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu, matundu kuzunguka chini, mabomba ya udongo kila tundu, na hewa ikajivuta yenyewe bila mtu kupuliza mifuo. Mifuo ilikuja baadaye, kwenye tanuri dogo la kusafishia. Jembe lilikuwa kazi ya mwisho. Kwanza walihakikisha moto utapata pumzi usiku kucha, maana bila hiyo udongo wote, mkaa wote na mawe yote ni hasara. Bado mabaki ya malungu yapo, na kijana yeyote wa hapa anaweza kwenda kuyatazama.

Kwa walio njiani kujenga, hesabu ni fupi. Tafuta mstari wa volti 12, zidisha ampea mara 12, na jibu likaribie namba kubwa iliyoandikwa mbele. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 itakuonyesha ampea 45 hivi. Tafuta maandishi ya volti 100 hadi 240. Ukiona swichi nyekundu, rudisha boksi mezani kwa muuzaji. Vilevile kile kifaa cha kulindia friji hakikuokoi, kinakata umeme tu katikati ya kazi. Nunua stabilaiza, au UPS kama mfuko unaruhusu, na ipangie pesa kabla ya kadi.

Kijana anakusanya upya pesa ya mazabodi. Anayepanga kununua mwezi huu, anitumie picha ya lebo kabla hajamlipa muuzaji.