Kabla Mwisho Haujajulikana

Shuleni, wakati uliopo wa kuendelea wa Kiingereza hufundishwa kwa sentensi zilizopoa: mama anapika, baba anasoma gazeti. Mwalimu anaandika is na are ubaoni, anabandika -ing kwenye kitenzi, kengele inalia. Anayetaka kuusikia wakati huo ukichapa kazi amsikilize mtangazaji wa redio, na mimi ningeanza na Herbert Morrison.

Mei 6, 1937, Morrison wa kituo cha WLS cha Chicago alikuwa Lakehurst, New Jersey, pamoja na fundi mitambo wake, Charlie Nehlsen. Walikwenda kurekodi kutua kwa Hindenburg, chombo cha angani cha Wajerumani chenye urefu wa mita 245, kilichojazwa haidrojeni. Mwanzoni hakuna la maana linalotokea, na hapo ndipo ufundi wake unaponivutia zaidi. Anataja kamba zilizoshushwa kutoka puani mwa chombo. Anasema mvua inaanza kunyesha tena. Injini za nyuma, anasema, zinakishikilia tu, kiasi cha kukizuia ki... Sentensi inakatika. Mlipuko anautaja kama jambo lililokwisha kutokea, maana umeshampita, kisha anarudi mbio kwenye -ing: kinaungua, kinaanguka. Haikufika dakika, chombo kikawa chini. Walikufa watu 36.

Wengi hudhani yalikuwa matangazo ya moja kwa moja. Hapana. Sauti ilinaswa kwenye santuri, ikarushwa hewani siku iliyofuata, habari zikiwa zimeshaenea. Morrison angeweza kusimulia upya kwa utulivu, kwa wakati uliopita, mwisho akiwa nao mfukoni. Sidhani kama leo kuna ambaye angeitafuta rekodi hiyo.

Kinachokumbukwa ni kilio chake chombo kilipokuwa kikiungua. Mimi naihusudu ile mvua. Anayesema kwa wakati wa kuendelea hajui bado lipi litakuwa kubwa, kwa hiyo hana ruhusa ya kudharau dogo. Kamba, mvua na injini hupewa haki sawa, na msikilizaji anakuwa ameshasimama uwanjani moto unapozuka. Watangazaji wengi wa mpira siku hizi, mpira ukitoka nje tu, wanakimbilia takwimu za msimu uliopita. Jamani, nani anaufuata huo mpira? Anatembea au anakimbia? Kocha wake anamfokea nini?