Ulaini wa Ngozi ya Ndege ya Kujitengenezea

Hewa inayogusa bawa la ndege huganda kwenye ngozi yake, na hewa iliyo juu kidogo huburutwa. Hivyo hujengeka tabaka jembamba ambalo, karibu na ukingo wa mbele, unene wake haufiki milimita moja. Tabaka hilo likitiririka kwa utulivu, msuguano huwa mdogo. Likivurugika, msuguano hupanda ghafla. Kwa bamba bapa lenye upana wa mita 1.2, likienda kilomita 180 kwa saa, hesabu huonyesha kuwa msuguano wa mtiririko uliovurugika ni takriban mara tano ya ule mtulivu. Hakuna bawa linalobaki na utulivu mwanzo hadi mwisho, lakini kila sentimita ya utulivu ni nafuu kwa injini.

Kinachovuruga hewa mapema ni kimo cha kikwazo kikilinganishwa na mwendo wa ndege na uzito wa hewa. Kwenye uwanda wa Mbozi, mkoani Songwe, katika mwinuko wa mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 14. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu, na mabawa pia, ila ngozi husamehewa kidogo: kwa mwendo uleule, kikwazo kinachoanza kuleta madhara ni cha milimita 0.2 hivi, ilhali usawa wa bahari ni kama 0.17. Kichwa cha ribiti kilichochomoza, tone la rangi lililokauka au mdudu aliyepondeka hupita kipimo hicho kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo kazi ya msasa haigawanywi sawasawa. Theluthi ya mbele ya bawa ndiyo inayostahili saa nyingi zaidi, kwani huko tabaka bado ni jembamba na bado ni tulivu. Kwanza husawazishwa umbo: rula ndefu hulazwa juu ya bawa, mabonde hujazwa pati, vilima hupigwa msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu. Msasa wa kushikwa mkononi hufuata mabonde na kuyaacha palepale. Kisha hupakwa praima, na mwisho msasa wa maji. Mng'aro unaotokana na kupaka nta juu ya uso ambao tayari ni laini hauongezi mwendo wa kutajika.

Faida ina mipaka yake. Ukinzani wa hewa ukipungua kwa asilimia 10, nguvu ya injini ikibaki ileile, mwendo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 4 tu; ndege ya kilomita 180 kwa saa hufika kama 186.

Suala zito zaidi ni usalama. VariEze, ndege ya fomu na faibaglasi iliyobuniwa na Burt Rutan wa Marekani na kuruka mara ya kwanza mwaka 1975, ina bawa dogo la mbele linalotegemea sana mtiririko mtulivu. Mvua au wadudu wakiuvuruga, nguvu ya bawa hilo ya kuinua hupungua na rubani hulazimika kurekebisha usukani. Ndege ya aina hiyo hujaribiwa ikiwa safi na ikiwa chafu, na mwendo wa kutua hupangwa kwa hali ya uchafu.

Helikopta iliyoundwa na fundi wa gereji mjini Tunduma, katika mkoa huohuo wa Songwe, ambayo habari zake zilienea mwaka 2019, inaleta hesabu nyingine. Ncha ya panga la helikopta huweza kufikia mita 200 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, katika mwinuko wa Mbozi, kikwazo cha milimita 0.05 tu hutosha kuvuruga hewa. Vumbi la kiangazi hukwangua ukingo wa mbele wa panga kila injini inapowashwa ardhini, hivyo panga hukaguliwa kwa kupitisha kidole na kufutwa kabla ya kila jaribio. Marekebisho ya panga moja hufuatwa na kupima uzito wa mapanga yote, kwani gramu chache zikizidi upande mmoja huleta mtikisiko.

Uzito huohuo ndio kikomo cha rangi kwenye ndege ya mabawa. Pati na rangi zikirundikana nyuma ya bawaba za vibao vya kuongozea, vibao huweza kupepesuka kwa kasi hadi kung'oka. Kila vinapopakwa rangi upya, hupimwa tena mizani kabla ya ndege kuruka tena.