Uteuzi wa Algorithimu za Kuoanisha Ontolojia: Uhakiki kwa Mizani ya Kiswahili

Makala haya yanahakiki dai kwamba programu inaweza kuteua yenyewe algorithimu inayofaa kuoanisha ontolojia mbili, yaani kubaini dhana zinazolingana katika mifumo miwili ya maarifa. Dai hilo lina msingi. Mwaka 1976 John Rice alieleza kuwa sifa za tatizo zikipimwa, zinaweza kutumika kutabiri algorithimu itakayofanikiwa.

Swali ni je, hupimwa sifa zipi? Aghalabu ni idadi ya dhana, kina cha ngazi zake na mfanano wa majina. Kipimo mashuhuri cha mfanano, cha Levenshtein, huhesabu herufi zinazobadilishwa, kuongezwa au kufutwa ili neno moja liwe jingine. Kutoka “mtu” hadi “mti” ni hatua 1. Kutoka “mtu” hadi “watu” ni hatua 2. Kwa kipimo hicho, mtu yu karibu zaidi na mti kuliko na watu wenzake. Kiteuzi kinachoamini mfanano huo kitapotoka bila kujua.

Huenda ikajibiwa kwamba viambishi vya ngeli viondolewe kwanza. Hilo lingesaidia, ila halitoshi. “Mkono” hutaja kiungo kizima tangu begani, na pia sehemu ya kuanzia kifundo hadi vidoleni. Kiingereza huzipa sehemu hizo majina mawili. Hapo hakuna ulinganifu wa moja kwa moja wa kutafutwa kwa herufi.

Tatizo huanzia kwenye mafunzo. Katika tathmini za kimataifa za uoanishaji, zilizoanza mwaka 2004, zoezi mojawapo maarufu huoanisha anatomia ya panya na ya binadamu kwa majina ya Kiingereza. Kiteuzi kilichofunzwa humo hurithi mazoea ya lugha hiyo. Isitoshe, hakiwezi kupita uwezo wa algorithimu kilizopewa: zikiwa zote ni za kuhesabu herufi, kitateua tu yenye makosa machache.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, muundo wa neno uwe miongoni mwa sifa zinazopimwa, na vielelezo vya ulinganifu viandaliwe na wazungumzaji wenyewe. Pili, kiteuzi kiruhusiwe kukiri kwamba hakuna algorithimu inayofaa. Mteuzi asiyeweza kukataa hajateua. Amegawa tu alivyonavyo.