Mlango Nao Una Vina
Wapitao vichochoroni mwa Mji Mkongwe wa Unguja huisifu milango, lakini ni wachache waisomao. Ajuaye vina na mizani huona kwamba pande mbili za mlango, mfaa ukiwa kati, ni mithili ya ukwapi na utao wa mshororo mmoja. Minyororo iliyochongwa miimoni hujirudia kama vina. Na juu, penye Aya, mlango hufunguliwa kwa jina la Mungu kama zifunguliwavyo tenzi.

Milango ya kale ilikuwa ya pembe nne. Upinde na maua ya Kihindi vilifuata. Taarabu nayo ilipita njia hiyo. Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa 1905, ilianza kwa Kiarabu; Siti binti Saad, aliyerikodi Bombay mwaka 1928, aliiimba kwa Kiswahili cha barazani. Sanaa zote mbili zilipokea ya wageni zikayafanya ya nyumbani.

Kwa hiyo mlango ung'olewapo ukauzwa kupamba hoteli, hasara si ya mbao tu. Ni mshororo uliotolewa betini: wapendeza bado, ila hauna mwenziwe wa kuuitikia.