Jina na Fidia: Uhakiki wa Maandishi ya Sanamu ya Askari, Mombasa

Mtu atokaye Mji wa Kale wa Mombasa akashika njia ya kwenda Makupa kwa Barabara ya Jomo Kenyatta, hukuta sanamu za shaba za wanaume wa vita zimesimama juu ya jiwe. Zilisimamishwa katika miaka ya 1920, baada ya Vita Kuu ya 1914 hata 1918, na Nairobi na Dar es Salaam zina ndugu zake. Wapitao ni wengi, lakini wasomao maandishi yaliyo chini yake ni wachache. Katika insha hii nataka tuyasome maandishi hayo kama tusomavyo shairi au hotuba, tuone yanasema nini, na yananyamazia nini.

Maandishi yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Mtungaji wake hutajwa kuwa ni Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza. Maana yake kwa ufupi ni hii: jiwe ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana, ni ukumbusho wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ni ukumbusho wa wengine wote waliotumika wakafa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Mwishoni msomaji huambiwa kwamba afaye katika kuipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Tuanze na sifa, maana mhakiki asiyeona jema hana haki ya kutaja baya. Maandishi ni mafupi na hayana majivuno. Tena yanamtaja mpagazi, na hili si jambo dogo, kwa kuwa makumbusho mengi ya vita humsifu mwenye bunduki na kumsahau mwenye mzigo. Katika vita vya Afrika Mashariki mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na magari hayakupenya kila mahali. Chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Maelfu kwa maelfu waliandikwa, na wengi walipakiwa merikebuni Kilindini wakapelekwa Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Hesabu ya serikali ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wako wanahistoria wakadiriao kwamba waliokufa walikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, kuhara, malaria na homa ya mapafu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitamkwa Kariakoo, na hata leo tunalisikia Dar es Salaam na Nairobi.

Sasa tutazame kasoro. Kuwaita watu miguu na mikono ya jeshi ni tamathali nzuri masikioni, nayo inakiri kwamba jeshi lisingeweza kutembea bila wao. Lakini kiungo hakina jina. Mguu hauna mke, mkono hauna shamba, wala hakuna kati ya hivyo kiwezacho kwenda barazani kudai haki yake. Mwandishi alikusudia kuwaheshimu wapagazi. Tamathali yake, hata hivyo, imewageuza watu kuwa vifaa vya mtu mwingine. Na hivyo ndivyo walivyotendewa vitani.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Maandishi yanaahidi kwamba jina litakumbukwa, na jiwe halina hata jina moja la mpagazi. Karibu na Ngome ya Yesu lipo jiwe la ukumbusho wa Meja Wavell, mlowezi wa Kiingereza aliyeunda kikosi cha Waarabu na Waswahili wa Mombasa, akauawa Mwele mwezi wa Januari 1916. Alikufa kishujaa, na jina lake limechongwa. Hatumwonei kijicho. Tunauliza tu kwa nini aliyebeba mzigo akaanguka njiani hakupata hata mstari mmoja.

Pengine msomaji atasema: jina ni jambo la heshima tu, nalo halijazi tumbo. Sivyo. Baada ya vita, jina liliwagusa watu mifukoni. Hebu tupambanue maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Mshahara ni haki ya kazi iliyofanywa. Tuzo ni shukrani ya mkubwa kwa aliyemtumikia. Fidia ni malipo ya kitu kilichopotea au kuharibiwa. Tutazame nani alipata lipi.

Walowezi wa Kizungu walipata mengi. Vita vikiendelea, mwaka 1915, sheria mpya ya ardhi iliwaongezea muda wa kukodi mashamba kutoka miaka 99 hadi miaka 999. Mwaka 1919 serikali ikatoa zaidi ya ekari milioni 2 za ardhi kwa maaskari wa Kizungu waliotoka vitani, na mashamba yakapigiwa kura Nairobi. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ya Wanandi. Askari Mwafrika hakuruhusiwa kuingia katika kura hiyo. Hata adui aliyeshindwa alifikiriwa. Walowezi wa Kijerumani wa Tanganyika walinyang'anywa mashamba yao, yakauzwa; lakini Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliiwajibisha serikali ya Ujerumani kuwafidia raia wake waliopoteza mali namna hiyo. Mlowezi alikuwa na hati, na katika hati lilikuwamo jina. Aliyepoteza shamba aliweza kusema: hili lilikuwa langu, mipaka yake ni hii.

Mpagazi je? Sheria ya mwaka 1915 ilimlazimisha kwenda, na mshahara wake ulikuwa yapata rupia 5 kwa mwezi. Katika haraka ya mwanzo, majina ya watu, ya wazee wao na ya vijiji vyao hayakuandikwa sawasawa. Walipokufa, warithi wao hawakuonekana, na fedha nyingi zikabaki bila mwenyewe. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi chao, alitetea kwamba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika. Wakubwa wa London hawakukubali. Basi mpagazi aliyekufa alikosa tuzo, alikosa fidia, na mara nyingi ukoo wake ulikosa hata mshahara.

Kaskazini ya Mombasa, katika nchi ya Wagiriama, mambo yalipinduka zaidi. Mwaka 1914 Wagiriama walikataa kutoa vijana wa kazi na kuhamishwa kutoka ng'ambo ya Mto Sabaki. Na Mekatilili wa Menza alikuwa amewahimiza wakatae. Majeshi ya serikali yakateketeza nyumba zao na kuteka mbuzi wao. Amani ilipofanywa, waliotozwa si waliochoma, bali waliochomewa: walitakiwa kulipa faini ya rupia 100,000 na kutoa watu 1,000 wa kwenda kubeba mizigo ya vita. Hapo aliyepoteza mali ndiye aliyelipa.

Wako watakaoitetea serikali ya wakati ule. Watasema kwamba vita vilikuwa na fujo, na kwamba haiwezekani kumlipa mtu asiyejulikana. Hoja hii ina uzito wake, lakini haitoshi. Fujo ile ile haikuzuia mashamba kupimwa na kugawiwa. Tena kama mtu mmoja mmoja hakujulikana, wilaya alikotoka ilijulikana, na fedha zake zingeweza kujenga shule au hospitali huko. Kilichokosekana ni nia.

Wengine watasema kwamba sanamu yenyewe ni malipo, kwa kuwa heshima hupita fedha. Waungwana wa pwani wanajua kwamba ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Mtu akikopa mchele dukani Kibokoni, halafu akamtungia mwenye duka shairi la kumsifu, shairi litapendeza, na mchele utabaki katika daftari. Shaba na jiwe ni sifa. Sifa haifuti deni. Pengine hulithibitisha, maana mdaiwa amekiri mbele ya watu wote kwamba alitumikiwa.

Mwezi wa Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya vita vile, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina katika nyaraka za kale imeanza. Ni kazi njema, ingawa imechelewa zaidi ya miaka mia, na majina yakipatikana, swali la haki zao litaamka pamoja nayo.

Basi wewe mwanafunzi, ukisimama mbele ya sanamu ile, usiidharau wala usiisujudie. Isome. Uliza nani aliyeandika maneno haya, nani ametajwa kwa jina, na nani alilipwa. Kisha rudi nyumbani ukawaulize wazee kama katika ukoo wenu yuko aliyekwenda Kariakoo asirudi. Wakikutajia jina, liandike, pamoja na jina la baba yake na la kijiji chake, kwa maana hayo ndiyo yaliyokosekana katika daftari siku ile fedha zake zilipohesabiwa.