Mchirizi wa Dambulla

Wanaoandika habari za Dambulla, hekalu la Wabudha lililomo mapangoni katikati ya Sri Lanka, aghalabu huanza na dhahabu. Ni kweli, Mfalme Nissanka Malla alizipamba sanamu zake kwa dhahabu katika karne ya 12, na katika karne ya 18 wachoraji wa ufalme wa Kandy wakazijaza picha dari na kuta. Mapango makuu ni 5; sanamu zapita 150.

Sizibezi kazi hizo. Budha aliyelala, mwenye urefu wa mita 14 hivi, amechongwa katika jabali lile lile, naye anastahili sifa zake. Lakini nathubutu kusema kwamba kazi iliyo bora kuliko zote ni mchirizi mwembamba uliokatwa juu ya mlango wa pango, miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, watawa walipohamia humo. Maji ya mvua yakiteremka jabalini hufika hapo, hukatika, hudondoka nje. Ndani pakavu. Maandishi mafupi mwambani yasema pango limetolewa kwa watawa wa pande zote nne, waliofika na wasiofika bado.

Tazama, msomaji: mstari mmoja wa patasi umeligeuza pango kuwa nyumba, tena nyumba ya wageni wasiojulikana. Bila mstari huo picha zingeoshwa zamani. Mhakiki asiyeutaja amesifu mapambo, akaisahau nyumba.