Vijitabu Viwili vya Askofu Weston

Katika kanisa letu hapa Manundu uliwahi kuzuka mgogoro wa kuchagua viongozi, ukatugawa hata misibani. Kundi moja lilikesha likimwomba Mungu alipe ushindi. Kundi la pili likafunga siku tatu kwa nia hiyo hiyo. Mimi nilikuwa karani wa kundi lililokesha. Siku hizo ndipo nilipovisoma kwa mfululizo vijitabu viwili vya Askofu Frank Weston, na tangu hapo sijaweza kuvitenga na aibu yangu.

Weston si mgeni katika nchi hii. Alikuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908, na dayosisi yake ilivuka bahari ikafika Bonde na Usambara, Korogwe ikiwamo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani waliwafunga wamisionari wa UMCA pamoja na mapadre na walimu Waafrika, kwa kuwashuku kuwa ni watu wa Mwingereza. Yeye alikuwa Unguja, ng'ambo ya pili. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka na Mto Pangani na kuingia Korogwe mwezi Juni, na mwaka huo huo Weston naye aliingia vitani, ana cheo cha meja, akiongoza wapagazi wa Zanzibar.

Kijitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1918, nacho ni barua ya wazi kwa Smuts. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Watumwa Weusi wa Prussia. Humo anaushitaki utawala wa Kijerumani kwa viboko na kazi za shuruti. Hana haja ya kubuni. Walimu wake mwenyewe walitiwa minyororo. Hata hivyo, kila nikikisoma najisikia vibaya. Kila pigo linaangukia pale pale ambapo serikali ya Uingereza ilitaka liangukie, maana swali la wakati ule lilikuwa nani atayarithi makoloni ya Mjerumani. Msomaji wa London aliweza kukifunga akijiona safi. Na wapagazi je? Jeshi la washindi nalo liliwamaliza maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Ukweli wa kijitabu hiki ni ukweli usiomgharimu msemaji chochote, na huo mimi naufahamu sana, kwa kuwa ndio niliokuwa nikiuandika katika daftari la kundi letu.

Cha pili ni cha mwaka 1920, na hapa mwandishi ni mtu mwingine. Gavana Northey wa Kenya alikuwa ametoa waraka mwaka 1919 kuwataka maofisa wawahimize Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Askofu wa Mombasa na yule wa Uganda walilaumu namna waraka ulivyoandikwa, lakini wakakubali kazi ya shuruti iwepo, mradi iwe chini ya sheria na uangalizi wa serikali. Weston alikataa katakata. Akakiita kijitabu chake Watwana wa Uingereza, na juu ya jalada akaeleza kuwa ni mwendelezo wa kile cha kwanza. Neno hilo moja, mwendelezo, naliona kuwa bora kuliko kurasa zote zinazolifuata. Pishi aliyompimia Mjerumani ndiyo anayompimia Mwingereza, na waliokifurahia kijitabu cha kwanza wanakosa pa kutokea. Mwaka 1921 Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, aliwazuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua, ingawa katika hilo jitihada za J. H. Oldham kule London zilikuwa na nguvu vilevile.

Sitaki kumfanya Weston malaika. Vijitabu vyote viwili ni vya Kiingereza, Mwingereza anamwambia Mwingereza, na mtwana mwenyewe hasemi. Tena mwaka 1913 alikuwa amewashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi baada ya mkutano wa Kikuyu, na Willis wa Uganda ndiye yule yule aliyempinga mwaka 1920. Kama kulikuwa na chembe ya ugomvi wa zamani humo, Mungu ndiye ajuaye.

Wahubiri wetu hupenda kisa cha Yoshua karibu na Yeriko, anapomwuliza mtu mwenye upanga kama ni wa kwao au wa adui, akajibiwa la. Wengi hukitumia kutuambia tukae kando. Lakini ukisoma mbele, vita inaendelea. Ila Rahabu, mtu wa Yeriko, anaokoka, na Akani, mtu wa Israeli, anaangamia kwa vitu alivyoficha hemani mwake. Mwenye upanga ameingia kukagua kambi zote mbili.

Basi nililifungua daftari langu, lililojaa makosa ya kundi la pili, nikajaribu ukurasa mmoja juu ya kundi letu: fedha za mkesha zisizo na hesabu, na maneno tuliyoyasambaza juu ya mama mmoja tukijua si kweli. Nikausoma kikaoni. Wenzangu walinivua ukarani jioni ile ile. Wale wa upande wa pili walinipigia makofi, na makofi yale ndiyo yaliyonikosesha usingizi, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyekuja na ukurasa wake.